Barua ya posa uliyoirudisha

Assalaamu alaykum, mwana wa ami yangu.

Barua niliyokuletea kwa mkono wa mshenga, ya kumposea mwanangu binti yako, ilikuja kwako imefungwa, na imerudi kwangu imefungwa vilevile. Kitambaa kilekile cheupe, uzi uleule, fundo halijaguswa. Mshenga aliiweka mezani bila hata kukaa kitako. "Kasema kijana hana kasoro," akaniambia, "ila nyumba ya CCM haozeshi." Basi hii ya pili naiacha wazi, aisome atakaye, maana najua si sisi wawili tu. Unguja na Pemba kuna milango mingi imefungwa namna hii.

Sikuandikii kukulaumu. Siku tatu nimekaa nayo ile barua mbele yangu, na kila hasira iliponipanda nilikumbuka niliyokutendea mimi.

Kisima cha bibi kule Wete unakikumbuka. Mwaka 1995 tulikuwa na miaka 17, hata kura hatujafika kupiga. Tume ya uchaguzi ikatangaza kura za urais wa Zanzibar: Salmin Amour wa CCM yetu 165,271, Maalim Seif wa CUF yenu 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Watu hao ukiwaweka uwanja wa Gombani, nafasi inabaki. Lakini kwa kura hizo baba yangu na baba yako, waliozaliwa tumbo moja, waliacha kusalimiana, na kisima kikagawiwa saa: sisi alfajiri, nyinyi baada ya alasiri. Hakuna aliyetoa amri. Siku moja ndoo ilipigwa teke, siku ya pili kamba ikakatwa, ya tatu kila mtu akawa anajua zamu yake. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akiteka zamu zote mbili. Mgongo umepinda, anateka polepole, makusudi, mpaka wa upande wa pili wamkute bado yupo, wamsaidie kubeba. Alikuwa akitwambia haya kayaona mwaka 1961, jimbo la Chake Chake lilipopatikana kwa kura moja tu, na uchaguzi uliporudiwa mwezi wa Juni watu 68 wakafa. Zama za siasa, ndivyo alivyoziita. Watu hawanunui duka la jirani, hawaozani, hawazikani. Alilitamka hilo la mwisho kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja maradhi mbele ya watoto.

Mwaka 2001 nilikuwa nimeshahamia Mjini. Tarehe 27 Januari mliandamana, risasi zikapigwa, roho zaidi ya 30 zikapotea. Wewe ukawa katika wale zaidi ya 2,000 waliovuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nilijua umeondoka na chombo cha usiku. Nilijua mama yako kabaki peke yake nyumbani. Sikumtumia hata salamu. Kwenye maskani, baraza letu la chama, tulikuwa tukisema wamejitakia, nami nilikuwa nikiitikia.

Halafu 2010, na huo ndio mwaka ninaotaka uukumbuke zaidi kuliko wowote. Rais Amani Karume na Maalim Seif walikuwa wameshakutana Ikulu Novemba ya mwaka uliotangulia, na tarehe 31 Julai tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 tukasema ndiyo kwa serikali ya umoja. Uchaguzi ukaja, na tofauti ikawa nyembamba vilevile: Shein wa kwetu asilimia 50.1, Maalim 49.1. Maalim akasimama pale hoteli ya Bwawani akayakubali matokeo. Usiku ule ulinipigia simu. Ulikuwa umeshindwa, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyelia. Hukuniambia habari za kura. Ulisema, "Leo hakuna maiti, ndugu yangu." Tukanyamaza wote wawili mpaka vocha yako ikakatika. Wiki iliyofuata baba zetu walisali safu moja, bega kwa bega, na hakuna aliyeamini macho yake.

Mimi ndiye niliyeyavunja haya. Tarehe 28 Oktoba 2015 Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alipotokea kwenye televisheni akaufuta uchaguzi mzima, na matokeo ya majimbo yalikuwa yameanza kusomwa, nilikuwa maskani na nilipiga makofi. Kisha nikachukua simu nikakuandikia maneno mawili: "Mtasubiri sana." Ujumbe huo bado ninao, na chini yake hakuna jibu lako, mpaka leo. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016 mliususia. Mama yako akafariki mwaka huohuo. Boti za Pemba zilikuwepo, nauli nilikuwa nayo. Sikupanda. Nilijiambia nitafukuzwa msibani, kumbe nilikuwa naona haya.

Mwanamke yule alininyonyesha mama yangu alipokuwa hospitali. Sikumzika.

Kwa hiyo nikisikia kwamba umekataa kwa sababu ya chama, mimi najua chama ni jina tu ulilolipa jambo hilo. Na bado nakuomba tuyatenganishe. Kufutwa kwa uchaguzi ule kulikuwa dhulma. Nalisema hilo siku hizi hata barazani kwetu, na wapo walioacha kunipa mkono. Haki yenu idaini, msichoke. Lakini idaini kwa aliyenayo. Kijana wangu hana kura yako mfukoni. Na zile namba zote nilizozitaja, 1995 na 2010, ukizitazama vizuri zinasema kwamba nusu ya watu wa visiwa hivi ni wa kwenu na nusu ni wa kwetu. Tukisema tusiozane, tusizikane, basi kila mmoja wetu anaihama nusu ya jamaa zake, na visiwa vyenyewe ni hivi hivi viwili, hatuna vingine. Maalim mwenyewe, baada ya yote yaliyowafika kwenye uchaguzi wa 2020, alirudi kwenye serikali ya umoja, na Februari 2021 alifariki akiwa humo. Hakuwa msahaulifu yule, wala hakuwa mwoga.

Binti yako na mwanangu walijuana chuoni, hawakujuana kwa siasa. Walipogundua kwamba babu zao ni ndugu, walifurahi. Mwanangu alinihadithia huku anacheka, "Baba, kumbe tuna kisima kimoja." Nilishindwa kumweleza habari za zile zamu.

Ijumaa ijayo nakuja kwa boti ya Mkoani, na mshenga safari hii simtumi. Nitapita kwanza kaburini kwa mama yako, nikae naye nimuombe radhi na nimsomee. Baada ya sala ya alasiri nitakuwa barazani kwako na ile barua, kwenye kitambaa chake. Nikikuta mlango umefungwa nitakaa hapo nje, na usiponifungulia mpaka magharibi nitakwenda kulala msikitini, asubuhi nirudi. Maji ya kutilia udhu nitateka mwenyewe.