Mfuko wa Kocha

Wapendwa wetu katika Bwana, wazee wetu, akina mama, vijana, na ndugu zetu mlio mbali, Bwana Yesu asifiwe.

Tunawaandikia wito huu wa mchango kutoka Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, sisi kamati ya wazazi wa ibada ya Kiswahili. Kocha wa mieleka wa sekondari wanakosoma wengi wa watoto wetu anastaafu mwaka huu wa masomo ukiisha, baada ya miaka 33. Tulimwendea kumwuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Akasema saa anayo na suti anayo. Kisha akavuta droo, akatoa daftari la shule lililochakaa, akatukabidhi. Ndani mna namba za viatu.

Tuwaeleze habari za daftari hilo.

Wengi wetu tulitoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, tukafikia kwenye zamu za usiku viwandani. Mtoto akileta karatasi ya shule inayodai viatu vya mieleka, kinga ya masikio na cheti cha daktari, karatasi ile ilikaa juu ya friji mpaka tarehe ikapita. Kocha alilijua jambo hilo kabla hatujamwambia. Aliwapima watoto miguu, akaandika namba zao, na baada ya siku chache kila mmoja akakabidhiwa boksi lake. Tulidhani shule ndiyo inayogawa. Ilichukua miaka kujua kwamba viatu vilitoka mfukoni mwake, katika mshahara wa mwalimu. Tena mazoezi yakiisha jioni, theluji imejaa barabarani na baba na mama wako kazini, ni yeye aliyewarudisha watoto nyumbani, mmoja mmoja, mpaka mlangoni.

Hapa Iowa mieleka inapendwa kama kandanda inavyopendwa kwetu. Waterloo, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, mwalimu Bob Siddens aliwafundisha vijana wa West High kuanzia 1950 hadi 1977, akatwaa ubingwa wa jimbo mara 11. Mwanafunzi wake Dan Gable hakushindwa hata pambano moja kati ya 64 aliyocheza sekondari, na mwaka 1972 huko Munich alichukua dhahabu ya Olimpiki bila mpinzani yeyote kupata pointi hata moja dhidi yake. Kocha wetu hajatoa bingwa wa Olimpiki, wala hatutamwongezea sifa zisizo zake. Tunaandika wito huu kwa sababu ya alivyoishi na watoto wetu.

Watoto wetu walifika wembamba. Kwenye mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani walikalishwa benchi. Mieleka ina madaraja ya uzito, na daraja dogo la wavulana ni pauni 106, yaani kilo 48 hivi, kwa hiyo kijana mdogo hukutana na mdogo mwenzake kwa raundi tatu za dakika mbili. Kocha alikuwa akipita kwenye ukumbi wa chakula akiwatafuta hao wadogo. Mmoja wao leo anapiga gitaa katika kwaya yetu. Anasema siku ile ndipo kwa mara ya kwanza mtu mzima wa shuleni alimwita kwa jina lake na kulitamka sawasawa.

Mama yake yule kijana anatukumbusha hadi leo jinsi alivyoogopa. Mtoto alikataa ugali siku tatu, kisha akawa anakimbia usiku amevaa makoti mawili. Mama alidhani ni ugonjwa, au ni mambo ya mtaani. Kocha alipopata habari alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani kama tulivyoketi, na binti mdogo wa nyumba akawa mkalimani. Alieleza kwamba mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache tu kwa kujikausha maji ili wapunguze uzito, na kwamba tangu hapo sheria ziligeuzwa: mtoto hupimwa mkojo na mafuta ya mwili kabla ya msimu, na kuna uzito ambao haruhusiwi kushuka chini yake. Akamgeukia kijana, akamwambia atapanda daraja la juu na atakula sombe, yaani kisamvu, ya mama yake. Akala sombe yeye pia, sahani mbili.

Mwaka 2022 chama cha michezo ya wasichana wa sekondari wa Iowa kilipoitambua mieleka rasmi, sisi akina baba ndio tuliokuwa wagumu. Tunakiri. Tulisema mavazi yale yanabana, haifai. Kocha hakubishana nasi. Alileta kitabu cha kanuni, akatuonyesha kwamba fulana na kaptula vinaruhusiwa, akatualika tukae ukumbini siku yoyote tutakayo. Tulikwenda. Tulimkuta anapiga deki mkeka kwa dawa yeye mwenyewe, watoto wasiambukizane choa. Mabinti zetu wakaingia.

Na nani amesahau tarehe 10 Agosti 2020? Upepo ule unaoitwa derecho uliuangusha mji mchana kweupe. Mapaa ya maghorofa tuliyopanga yaling'oka, umeme ukakatika siku nyingi, na familia zetu, zilizovuka bahari kwa ajili ya kuachana na mahema, zikalala tena kwenye mahema uani, wengine na watoto wachanga. Kabla hatujajua pa kuomba msaada, Kocha alifika na msumeno wa mnyororo, na nyuma yake vijana wake wa mieleka, Wazungu kwa Waafrika, wakakata miti iliyoziba milango. Alirudi kesho yake na kesho kutwa, akileta maji na barafu.

Sasa anaondoka, na mfuko wake unaondoka naye. Hatukubali kocha ajaye amkute mtoto wetu amesimama pembeni ya mkeka na soksi. Ndiyo maana tunaanzisha mfuko mwingine, wa kwetu, tuushike tulioshikwa mkono.

Dola 100 zinamvalisha mtoto mmoja viatu na kinga ya masikio. Daftari lina watoto 40, wa kwetu na wa jirani, wa rangi zote, kama alivyowaandika. Tukiongeza vyeti vya daktari na mafuta ya gari la kuwarudisha jioni, lengo letu ni dola 6,000. Mwenye dola 5 alete 5. Asiye na fedha lakini ana gari na leseni, zamu mbili za jioni kwa mwezi tutazihesabu kama mchango mkubwa.

Harambee itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mara baada ya ibada. Akina mama watapika samaki, sombe na sambusa. Ndugu wa majimbo mengine, Kanada na nyumbani, pitisheni mchango au ahadi kwa mtu wenu aliye katika kanisa letu, naye atamfikishia mweka hazina na kuwarudishia risiti. Hesabu zote zitasomwa mbele ya kanisa, na Kocha atakuwepo.

Msimu unaanza Novemba. Namba ya kwanza katika daftari ni saba na nusu.