Mkiandika habari za jua msiisahau sauti yake

Mhariri,

Kila mkiandika habari za jua naona mnaongelea madoa tu, yale mabaka meusi usoni mwake yenye usumaku mkali, mara yameongezeka, mara yamepungua, mara dhoruba inakuja, na sio vibaya, ila mnaacha kitu ambacho mi naona ndo kitamu kuliko vyote. Jua linavuma. Gesi mle ndani inachemka, na huko kuchemka kunazaa mawimbi ya sauti yanayozunguka ndani kwa ndani, hayatufikii maana huko angani hakuna hewa ya kuyabeba, lakini uso wa jua unapanda na kushuka kila dakika 5 hivi na mwanga wake unalionyesha hilo. Mwanafizikia Robert Leighton na wenzake waligundua hivyo Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa usumaku wa jua ukipanda, kwenye ule mzunguko wake wa kupanda na kushuka wa miaka 11 hivi, sauti nayo inabadilika, inakuwa nyembamba kidogo na inapungua nguvu. Kidogo kiasi gani? Chukua sekunde milioni 1, yaani siku 11 na nusu hivi. Jua likiwa limetulia wimbi linatikisika kama mara 3,000, na usumaku ukifika kileleni ni zile zile 3,000 na ziada ambayo hata nusu ya mtikiso mmoja haifiki. Na watu wameipima hiyo! Mtandao wa GONG, wa kulisikiliza jua kwa kutazama mwanga wake, una vituo 6 vimetawanywa duniani tangu 1995, huku kukiwa usiku kule ni mchana, jua halipumzishwi.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mawimbi yenye sauti nyembamba ndo yanabadilika zaidi, yale mazito kidogo sana, na kwa kuwa yale membamba ndo yanafika karibu kabisa na uso kabla ya kugeuka, basi kumbe usumaku unaofanya kazi hiyo uko juu juu, sio kule katikati. Jicho lingejuaje? Tena sauti hiyo hiyo inafichua kundi kubwa la madoa likiwa bado upande wa nyuma wa jua, maana mawimbi yakipitia hapo yanawahi kurudi kwa sekunde kadhaa, halafu jua linazunguka, siku chache baadaye madoa hayo tunayaona uso kwa uso.

Kwa hiyo siku mkiweka tena picha ya jua na madoa yake, naomba wekeni na mistari miwili mitatu ya sauti.

Msomaji wenu wa siku zote