Sapatu za mama

Njombe, Julai

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka baridini. Sisi wazima, watoto wazima, ni vikohozi tu vya msimu. Barua yako nimeipata, na habari ya mama kuhamia Lushoto kwa kaka imenifurahisha. Ila umenichekesha pale unapotaka nikuelekeze kushona sapatu za flisi, kile kitambaa laini cha majaketi ya baridi, "zenye jina lake kwa mbele, zipendeze". Jina ni la mwisho, shoga. Tuanze na miguu.

Mama amezeekea Tanga, na maisha yake yote ni kandambili. Mguu wa namna hiyo umetanuka, tena kile kidole gumba chake cha kulia nakikumbuka kilivyolalia mwenzake. Sapatu za dukani, hata ziwe nzuri vipi, zimekatwa kwa miguu ya mtu asiyekuwepo. Faida ya kumshonea nyumbani ni kwamba kila mguu unapata pateni yake. Kwa hiyo usimpime wa kulia halafu ukageuza karatasi kupata wa kushoto. Msimamishe juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, uzito wote chini, na iwe jioni, maana kutwa nzima miguu huvimba kidogo. Kalamu isimame wima, usiilaze kuingia chini ya unyayo. Halafu zungusha futi kamba juu ya mgongo wa mguu, pale panapoinuka, uandike. Kipimo hicho wengi hukiruka, kisha wanashangaa sapatu inabana juu na kupwaya kisiginoni.

Ukishachora, ongeza sentimita moja nje ya alama kuzunguka pote, ndiyo nafasi ya unene wa flisi ndani na nje, kisha sentimita nyingine ya mshono.

Kitambaa usinunue kipya. Nenda mtumbani, utafute jaketi kubwa la flisi. Mgongo wake na mikono vinatosha jozi ya mtu mzima. Likunje, ulivute kwa upana: flisi nzuri inavutika na kurudi. Chungulia na ukingo uliokatwa, hautoi nyuzi, ndiyo maana huhitaji kuupindia. Sasa sikiliza hapa: mvutiko mkubwa uende kwa upana wa mguu, usiende kwa urefu. Ukiukata vibaya, sapatu inarefuka kila siku mpaka inamvuka mama njiani akienda msalani usiku.

Cherehani yako ya miguu inatosha kabisa. Weka sindano namba 14, ile yenye ncha ya mviringo kama utaipata, maana ncha kali inatoboa nyuzi na mshono unaruka. Hatua ziwe ndefu, milimita tatu na nusu hivi, na kile kiguu kinachokandamiza kitambaa ukilegeze. Pini zinazama na kupotea kwenye manyoya, na sitaki kufikiria pini iliyosahaulika ndani ya kiatu cha mzee. Tumia vibanio vya kuanikia nguo. Weka alama katikati ya ncha ya vidole na katikati ya kisigino, juu na kwenye soli, uzikutanishe. Shona kutoka vidoleni kwenda kisiginoni upande mmoja, rudi vidoleni uteremke upande wa pili. Ukizungusha mara moja tu, flisi inasukumwa na sapatu inageuka upande. Ukimaliza, toa mavumbi yaliyojaa chini ya meno ya cherehani, yatakuwa mengi.

Uliniambia mama ana sukari. Hapo usicheze. Mwenye sukari ya muda mrefu anaweza asihisi kinachomkwaruza mpaka pawe kidonda. Kwa hiyo bitana ya ndani iwe kipande kimoja bila mshono vidoleni, na vile vipande vya ile sentimita ya mshono vibaki katikati ya bitana na kitambaa cha nje. Vipunguze kwa mkasi, vipige vipasuo vidogo pale kwenye mviringo, visirundikane. Hapo kwenye kifundo usitie lastiki inayokaza. Kata pindo la sweta la mtumba, lile linalovutika kwa upole. Na kisigino kiwe cha kufunika. Sapatu za wazi nyuma ni za vijana.

Soli ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu flisi juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa ni telezi. Usimwekee sponji nene pia, mzee anayumba. Kunja blanketi kuukuu mara mbili, chini yake kipande cha jinzi, na chini kabisa tyubu ya baiskeli iliyooshwa. Gundi haishiki vizuri kwenye manyoya, kwa hiyo tyubu ishonwe kwenye jinzi kabla hujaunganisha na sehemu ya juu. Kama cherehani inagoma, mpelekee fundi viatu, msharasi wake utapita bila shida.

Kaka yako mwambie kitu kimoja. Watu wanadhani flisi ni manyoya ya kondoo. Kondoo hayumo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1979, kwenye kiwanda cha Malden Mills, Massachusetts, kwa poliesta, na poliesta inatoka kwenye mafuta ya petroli. Ikipata moto haiungui ikawa majivu, inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Lushoto ikipoa, watu wanavuta jiko la mkaa karibu na miguu. Mama na sapatu zake akae mbali nalo. Hata pasi usiipitishe. Zifuliwe kwa maji baridi, zianikwe kivulini.

Haya, jina. Lidarizi kabla hujaunganisha chochote, wakati sehemu ya juu bado imelala bapa. Uzi wa kudarizia ukiupitisha moja kwa moja unazama kwenye manyoya na herufi hazisomeki. Mimi hukata herufi zenyewe kwa flisi ya rangi nyingine, nazishikiza kwa mkono, kisha nazizungushia ule mshono wa ukingo wa mablanketi. Na herufi zimtazame mama aliyevaa, zisimtazame anayemsalimia. Binti yangu wa bweni ndiye pekee niliyemgeuzia, maana kule jina ni kwa ajili ya wezi. Kwa mama ningeweka jina kulia, na kushoto ua dogo tu, ajue upi ni upi hata asipovaa miwani. Kifungo usitie.

Kama kukata unaogopa, nitumie hizo karatasi za miguu kwa basi, uandike "kulia" na "kushoto" na kile kipimo cha mgongo wa mguu. Nina jaketi la zambarau hapa, rangi aliyokuwa akivaa sana zamani, sijui kama bado anaipenda, muulize. Nitakukatia vipande vyote, wewe utabaki na kushona. Na basi likija huku usilirudishe bure, weka samaki wakavu wa ng'onda kidogo, wa Njombe tumechoka na viazi.

Msalimie mama sana.

Wako wa siku zote.