Kinasa sauti kipunguzwe unene, kisipunguzwe sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wa Unguja na Pemba wanaokwenda vijijini kurekodi wazee, na hasa mafundi redio wanaowafungulia vijana hao vinasa sauti vyao ili wavipunguze unene. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila nimeona namna inavyofanywa kwenye baadhi ya meza za ufundi, na inanisikitisha kwamba kinasa kizuri kilichonunuliwa kwa fedha ya kujinyima hutoka pale kikiwa kinaingia mfukoni bila shida, lakini hakifai tena kurekodia.

Haja ya wembamba ni ya kweli. Aliyewahi kukaa barazani Micheweni au Makangale na bibi anayesuka ukili anajua kwamba kinasa kinene, kilichosimamishwa mbele yake juu ya kijiguu huku maikrofoni mbili zimemchomozea, humfanya asite mikono na kuyapima maneno yake kana kwamba anaandikiwa maelezo kituoni. Kinasa chembamba kikilazwa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, ili mtikiso wa mkeka usikifikie, baada ya muda mfupi hapana anayekishughulikia, ukili unaendelea kusukwa na hadithi inakuja na nyimbo zake.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay ili sauti yake iingizwe kwenye santuri, kwa kuwa mtambo ulikuwa huko, haukumfuata alipo. Kaseti ya Philips ilipotoka mwaka 1963, mtambo ukaanza kubebeka mkononi, lakini kaseti yenyewe ilikuwa na unene wa milimita 12, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kutengeneza chombo chembamba kuliko hapo. Leo sauti inahifadhiwa katika kadi ndogo yenye unene wa milimita 1, na bodi ya saketi pamoja na vipande vyake haizidi milimita chache. Kilichobaki kuwa kinene ni betri. Betri ya AA ina kipenyo cha milimita 14.5, yaani inaipita hata kaseti, na ukiongeza ukuta wa plastiki juu na chini unapata unene wote ule tunaoulalamikia. Fundi anayetaka kupunguza unene na aanzie hapo, na mara nyingi hatahitaji kugusa kitu kingine.

Badala ya AA mbili, hutiwa betri bapa ya lithiamu yenye unene wa milimita 4 au 5. Betri ya namna hiyo yenye miliampia-saa 1300 hivi (ndicho kipimo cha akiba ya umeme) hubeba nguvu karibu sawa na AA mbili za kuchaji zenye miliampia-saa 2000, kwa hiyo muda wa kurekodi haupungui sana. Tatizo ni volti. AA mbili mpya hutoa volti 3 na kidogo, wakati lithiamu iliyojaa hutoa volti 4.2, na kuiunganisha moja kwa moja ni kuhatarisha bodi nzima. Ni lazima pawe na kipunguza volti katikati, pawe na saketi ya ulinzi ili betri isipige shoti wala kuchajiwa kupita kiasi, na chaja iendane na ukubwa wa betri. Vile vibodi vidogo vya kuchajia vya TP4056 vinavyouzwa kila mahali kwa kawaida huja vimepangwa kuchaji kwa ampia 1, kiwango ambacho ni kikubwa mno kwa betri ndogo ya miliampia-saa 500. Hapo hubadilishwa kipingamizi kimoja tu, na fundi asiyekibadilisha anampa mteja wake betri itakayovimba ndani ya kasha lisilo na nafasi ya kuvimbia.

Kuhusu hicho kipunguza volti naomba mafundi wanisikilize zaidi, kwa sababu hapa ndipo rekodi nyingi zinapoharibika bila mtu kujua sababu. Wengi hupenda aina inayokatakata umeme laki kadhaa za mara kwa sekunde, kwa kuwa haipotezi nguvu. Kwa tochi hilo halina ubaya. Katika kinasa sauti, umeme huo uliokatwakatwa huvuja hadi kwenye kikuza sauti cha maikrofoni, na kinasa kinapotumia umeme kidogo kasi ya kukatakata hushuka hadi masafa ambayo sikio linayasikia. Ukivaa visikizi unasikia mlio mwembamba, haukatiki, umekaa chini ya sauti ya mzee kila anapotua kuvuta pumzi. Kuuondoa baadaye kwa kompyuta bila kuikwangua sauti yenyewe ni kazi ngumu. Afadhali kitumike kipunguza volti cha kawaida, kile kinachopoteza nguvu kidogo kwa joto lakini kiko kimya.

Lipo na jambo jingine ambalo sijaona fundi akimwambia mteja. Kinasa hukadiria kiasi cha betri kwa kupima volti inayoingia. Ukishakiwekea kipunguza volti, kinaona volti 3 zile zile tangu mwanzo hadi mwisho, na alama ya betri kwenye kioo itabaki imejaa mpaka dakika ile kinapozima ghafla. Faili la sauti la WAV ambalo halikufungwa vizuri huenda lisifunguke kabisa, na saa nzima ya maneno ya mtu wa miaka tisini ikawa imekwenda. Basi na kiwekwe kitaa kidogo kinachopima betri yenyewe kabla ya kipunguza volti, na mrekodi ajizoeze kusimamisha na kuanza faili jipya kila mazungumzo yanapopumzika.

Maikrofoni za ndani zisiguswe. Zimepangwa kwa pembe maalumu ili kulia na kushoto kusikike inavyostahiki, na anayezilaza ubavuni ili kasha lifunge anapoteza mpangilio huo. Bati jembamba linalofunika saketi ya sauti nalo lina kazi yake: linazuia mawimbi ya simu, yale yanayoingia kwenye rekodi kwa mlio wa kukatakata simu inapotaka kuita. Kwa vinasa vikubwa vyenye matundu ya XLR, yale ya kuchomekea maikrofoni kubwa za nje, ushauri wangu ni kuviacha kama vilivyo, maana tundu lenyewe ni nene kuliko betri, na anayerekodi taarabu au maulidi ya homu atalihitaji. Nafasi ya sponji ya kuzuia upepo pia ikumbukwe, kwani kaskazi na kusi havijui kwamba kinasa kimefanywa chembamba. Kwa hewa yetu ya chumvi, kasha likishafunguliwa lifungwe kwa kubana sawasawa, na viungo vilivyolehemiwa visafishwe na kupakwa vanishi, la sivyo kutu itafika mapema.

Kuna wanaotaka kinasa chembamba ili kifichwe ndani ya mfuko wa kanzu, mzee asijue kwamba anarekodiwa. Hilo silikubali hata kidogo. Taa nyekundu ya kurekodi ibaki mahali inapoonekana, na ruhusa iombwe kabla ya kubonyeza. Mwenye maneno ana haki ya kujua maneno yake yanakwenda wapi, na akikataa, tutazungumza naye vivyo hivyo bila kinasa.

Ombi langu ni kwa vituo vyetu vya mafunzo ya amali. Wanafunzi wa umeme na elektroniki tayari wanajifunza kulehemu na kupima volti, na somo hili linaingia humo humo bila kuhitaji mtambo wa gharama. Wapewe vinasa vilivyokwishaharibika wavifungue, wasikilize kwa visikizi tofauti ya aina mbili za vipunguza volti, kisha watengeneze vichache vya kuazimwa na wanaokusanya lahaja na nyimbo za visiwa hivi. Kwa upande wangu, nipo tayari kumchorea mwalimu yeyote wa Pemba mchoro wa saketi ninayoitumia, bila malipo.

Wako msomaji,
Wete, Pemba