Barua ya wazi kwa Waziri aliyeogopa chupa

Kwa Lord Sidmouth, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, 1812–1822

Mheshimiwa Waziri,

Najua barua hii imechelewa, maana ulifariki 1844. Lakini wewe ulikuwa mtu wa mafaili, na faili halichoki kungoja. Tulifungue moja tu, la Agosti 1812.

Karani wa mji wa Barnstaple alikuandikia habari za kijana wa miaka 20 aliyepanga Lynmouth, pwani ya Devon. Ni mshairi Percy Bysshe Shelley. Mwaka mmoja nyuma Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwa kimemfukuza kwa sababu ya kijitabu cha kumkana Mungu. Sasa kaonekana ufukweni anatupa chupa baharini, zimezibwa vizuri, ndani mna karatasi iitwayo Tamko la Haki. Inasema serikali haina haki yoyote ya kwake. Imetumwa tu na watu iwalindie za kwao. Karatasi nyingine alizipeperusha kwa maputo. Nikisoma hapo hucheka, kwa kweli. Wewe hukucheka. Uliagiza uendelee kupashwa habari zake.

Ila aliyekamatwa si yeye. Ni mtumishi wake, Daniel, aliyetumwa kubandika karatasi hizo kwenye kuta za Barnstaple. Alipobanwa alisema kapewa na bwana mmoja aliyevaa nguo nyeusi, wamekutana njiani tu. Hakumtaja mwajiri wake. Kosa lake lilikuwa kutawanya karatasi zisizo na jina la mpiga chapa: faini pauni 200, au miezi sita jela. Mtumishi atazitoa wapi pauni 200? Akaenda jela. Shelley, mtoto wa mbunge, naye hakuwa nazo. Akawa anampelekea shilingi 15 kwa wiki apate nafuu ya kifungo, kisha akahama Lynmouth na watu wake.

Nampenda Shelley, Mheshimiwa, lakini hapo simtetei. Uasi ulikuwa wake, kifungo kikawa cha mwingine.

Tarehe 16 Agosti 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika uwanja wa St Peter, Manchester, kudai uwakilishi bungeni. Wapanda farasi wakawaingilia kwa panga. Walikufa watu wasiopungua 15, wanawake wakiwemo, na mamia wakajeruhiwa. Wewe ukawapelekea mahakimu wa pale shukrani za Mwana Mfalme, aliyetawala badala ya baba yake mgonjwa.

Habari zilimfikia Shelley Italia. Akaandika shairi refu ambamo Unafiki unapita umepanda mamba, na unafanana na wewe. Lakini mwisho wake ndio uliostahili kukunyima usingizi, kwa sababu hakuwaambia watu washike silaha. Aliwaambia wasimame, wakunje mikono, wawatazame askari usoni bila woga. Ninyi ni wengi, wao ni wachache.

Alilituma kwa Leigh Hunt, mhariri wa London. Hunt alikwisha kukaa jela miaka miwili kwa kumkashifu huyo huyo Mwana Mfalme; akaliweka kando. Shelley akazama baharini 1822, shairi halijachapwa. Lilitoka 1832, nawe ungali hai, mzee wa miaka 75. Ulilisoma?

Na jambo la mwisho kuhusu faili. Mtumishi humo ameandikwa Daniel Hill, ilhali kwingine anaitwa Healey. Naomba karani wako aongeze jina hilo la pili, kwa wino, kabla hajalirudisha rafuni.

Wako katika kuchelewa,
Msomaji wa mashairi