Usukani unatetema baada ya kushuka Kitonga? Tupime diski kabla ya kuzichonga

Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi ndipo magari ya kutoka Iringa, Njombe na Mbeya yanapoingia kwa wingi gerejini kwetu hapa Msamvu, Morogoro. Mteja anashuka na uchovu wa safari, anasema maneno yaleyale: "Fundi, nikikanyaga breki usukani unatetema." Ukimuuliza ilianzia wapi, wengi wanataja kijiji cha Doma. Doma haina kosa lolote. Kabla ya hapo umepita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi, unatembea 50 kwa saa kwa ajili ya wanyama na matuta, na kwa mwendo ule ugonjwa haujionyeshi. Ukishatoka hifadhini ukaongeza hadi 80 au 90, halafu kibao cha kijiji kikatokea na wewe ukakanyaga breki, hapo ndipo usukani unaanza kucheza mikononi. Uharibifu wenyewe ulishatokea zaidi ya saa mbili nyuma, kwenye mteremko mkali wa mlima Kitonga.

Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu hii mtu hawezi kuamini kinachoipata diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na breki. Gari la kilo 1,500 pamoja na abiria na mizigo, likishuka mita 500 kwa wima, linatakiwa kuitua nguvu ya zaidi ya jouli milioni 7. Upepo unabeba kiasi, matairi yanabeba kiasi, injini nayo ikipewa nafasi inabeba sehemu kubwa. Kinachobaki kinageuka joto kwenye breki, na zaidi kwenye diski mbili za mbele. Nguvu yote hiyo ukiipeleka kwenye maji, inachemsha ndoo ya lita 20 mpaka itokote. Sasa dereva aliyeshuka na gia ya D mwanzo mwisho, mguu juu ya breki nyuma ya lori lililojaa, sehemu kubwa ya ndoo hiyo ameimwagia vipande viwili vya chuma cha kusubu vyenye uzito wa kilo chache tu.

Mafundi wengi wakisikia usukani unatetema wanasema "diski zimepinda", na dawa inayofuata ni kuzipeleka kwenye leizi, mashine ya kuchongea chuma, zikachongwe. Sisi pia tuliisema sentensi hiyo kwa miaka. Tangu tuanze kupima kila diski kwa mikromita (ya kupima unene) na geji ya mshale (ya kupima kama diski inayumba), tumekuta diski iliyopinda kweli ni nadra. Mara nyingi tatizo ni unene: sehemu moja ya diski ni nene kuliko nyingine. Tofauti ya milimita 0.02, nyembamba kuliko unywele wako, inatosha kabisa. Kila gurudumu linapozunguka, pale penye unene panasukuma pistoni ya kalipa (kibanio kinachozibana pedi kwenye diski) irudi nyuma, na wewe unasikia msukumo huo kwenye pedali na kwenye usukani.

Unene huo unatoka wapi? Njia mojawapo ni hii, na inawapata watu waangalifu kabisa. Umemaliza mlima, diski zinawaka, unafika Ruaha Mbuyuni na vitunguu vimepangwa barabarani. Unasimama ununue. Dirisha linashushwa, bei inajadiliwa, na muda wote huo mguu wako uko kwenye breki. Pedi yenye moto imebana sehemu moja ya diski yenye moto, na inaacha tabaka la dawa yake, ile sehemu inayosugua diski, pale ilipobana. Tukifungua gurudumu tunaliona kwa macho: doa la kijivu cheusi lenye umbo la pedi, kingo zake zimenyooka kama limechorwa kwa rula, pembeni yake chuma kimegeuka rangi ya bluu. Rangi ile ya bluu ni dalili kwamba uso wa chuma ulifika nyuzi joto 300 hivi. Likipigwa joto kali zaidi ya hapo, eneo lenye doa linaweza kugeuka kuwa gumu kuliko chuma kinacholizunguka. Basi hata ukichonga juu juu, pale pagumu panabaki na mtetemo unarudi baada ya wiki chache.

Hili la kuchonga linatuuma. Mwaka jana alikuja mama mmoja na gari la familia la viti saba, watoto wanne nyuma, anatoka Makambako. Diski zake zilishachongwa gereji nyingine miezi mitatu kabla, na aliambiwa zimekuwa kama mpya. Kila diski huwa na maandishi pembeni au kwenye kofia yake, MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Zake ziliandikwa 24. Tulipima sehemu nane kuzunguka diski: hakuna hata moja iliyofika 23. Diski nyembamba hivyo haina chuma cha kubeba joto, kwa hiyo mteremko uleule unaipasha zaidi kuliko mwanzo. Tulimwonyesha nyufa za kutosha kuingia ukucha. Diski iliyo chini ya MIN TH hatuichongi na hatuirudishi kwenye gari, hata mteja akisema ataandika karatasi. Gari likae hapa, tutafute spea, abiria wapande basi.

Iliyo na unene wa kutosha, isiyo na ufa wala madoa magumu, tunaichonga bila kinyongo. Kununua si lazima kila mara.

Lakini diski ni nusu ya habari. Joto lile linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta ya breki. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya unyevu. Mafuta haya yananyonya unyevu hewani yenyewe, na magari yanayolala Dar yanakuja na mafuta meusi kama chai ya rangi iliyokaa. Yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama mpaka chini bila gari kushika. Kama pedali yako ililainika hata mara moja mlimani, tuambie, hata kama sasa imerudi kuwa ngumu. Hiyo kwetu ni habari nzito kuliko usukani kutetema. Mafuta tunashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Usinunue DOT 5 ukidhani namba kubwa ndiyo bora: ile ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine.

Tunakagua pia raba za vumbi za pistoni na pini za kalipa. Pini iliyokauka grisi inaiacha pedi imeng'ang'ania diski hata ukiachia mguu, na diski mpya inaharibika njiani kabla hujafika Chalinze. Kabla ya kufunga diski tunasugua habu, kitovu inapokaa diski, kwa brashi ya waya, kwa sababu kipande cha kutu chenye unene wa karatasi kinatosha kuifanya ikae upande. Nati za gurudumu tunakaza kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza.

Ukishuka tena, punguza mwendo kabla mteremko haujaanza na uingize gia nzito, yaani ya chini, mapema. Kwenye otomatiki tumia L, 2, S au B, chochote ulichopewa, au zima O/D (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi). Injini itapiga kelele. Iache, hiyo ndiyo inayokubebea joto. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha, ushushe mwendo, halafu achia kabisa ipoe. Kuiburuza kidogo kidogo mlima mzima ndiko kunakoua diski. Usiweke nyutro. Ukifika chini endelea kutembea taratibu kilomita kadhaa kabla ya kusimama, na ukisimama mahali tambarare tumia P na uondoe mguu kwenye breki. Diski zenye moto usizimwagie maji kabisa, tumeshabadilisha diski zilizopasuka kwa chupa moja ya maji.

Bei ya spea na ya kazi tunakutajia baada ya kupima, na vipimo unaandikiwa. Pedi na diski mpya zikishafungwa tunatoka pamoja barabara ya Mzumbe: ili pedi na diski zizoeane, mara nane hadi kumi tunapunguza mwendo kwa breki kutoka 60 hadi 10 kwa saa bila kusimama kabisa, kisha dakika kumi za kutembea bila kugusa breki sana ili zipoe. Harufu kidogo siku hiyo ni kawaida ya pedi mpya. Ikiendelea siku ya pili, au rimu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, geuza gari urudi.