Risala ya Kikundi cha Kujitunza cha Watu Walioathirika na Ukoma kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi mlioambatana naye, wahudumu wa afya, majirani na wanachama wenzetu,

Karibuni sana, na ahsanteni kwa kuja kuketi nasi.

Wengi wetu tulishapona ukoma. Dawa mseto iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na inayotolewa bure tangu 1995, huua vimelea kwa matibabu ya miezi 6 au 12. Lakini hairudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba wala kaa la moto, na kwa kuwa hautoi jasho tena, ngozi yake hukauka na kupasuka magaga. Kwenye nyufa hizo ndipo kidonda kinapoanzia. Wengi hudhani ukoma hudondosha vidole. Kinachovimaliza ni majeraha na vidonda visivyouma, vinavyoingia uchafu hadi mfupani.

Ndugu Mgeni Rasmi, kinga yetu ni maji. Kila siku mtu aloweke miguu kama nusu saa, asugue sugu taratibu kwa jiwe, kisha apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji yasiwe ya moto, maana yatamwunguza bila yeye kujua. Na yawe safi, kwani nyufa zilizo wazi hazifai kuloweshwa kwenye maji ya dimbwi. Wenzetu ambao kope zao hazifumbi nao wanahitaji maji safi ya kunawa uso. Kazi hii ni ya maisha yote.

Tatizo ni kwamba kuyafuata hayo maji ndiko kunakotujeruhi. Mwenye kidonda huambiwa apumzishe mguu, na kwa mguu huohuo anakwenda kuchota maji ya kuuosha. Mkono wa ndoo unamchuna kiganja naye hana habari. Wahudumu wanatufundisha vizuri, hatuna ugomvi nao. Ila kumfundisha kuloweka miguu mtu ambaye ndoo yake moja ndiyo ya kunywa na kupikia ni kama kumsomea mwenye njaa orodha ya vyakula.

Tena wapo wanaongoja tuondoke kisimani ndipo wachote. Ukoma hauambukizwi kwa kushika bomba moja, na aliyeanza dawa hawi hatari kwa jirani. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu, na mwaka huohuo likapitisha azimio la kukomesha ubaguzi dhidi yetu na familia zetu.

Tunaomba bomba la karibu, lenye koki ya mkono mrefu inayosukumwa kwa kiwiko, kwa sababu vidole vilivyojikunja haviwezi kuzungusha. Pawe na kizimba cha kuwekea ndoo usawa wa kiuno. Ila, Mgeni Rasmi, lisijengwe kwa ajili yetu peke yetu. Bomba la wagonjwa wa ukoma litatupa maji na kututenga na majirani; afadhali tupange foleni pamoja nao. Kamati ya kulitunza iwe ya mchanganyiko, na wanachama wetu wako tayari kuingia.

Mabeseni yamepangwa kivulini. Tukimaliza hapa, tunaomba upite uone wanachama wanavyoloweka miguu.

Tunaomba kuwasilisha.